Taya la Farrusco

Sisi sote tulimwita Shangazi Deolinda, ingawa pale kijijini hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Ndugu zake walikuwa wamekwishatangulia, mume naye, na binti yake wa pekee, Odete, alikuwa Ufaransa akifagia ofisi za watu. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya baridi mwaka mzima, na mikono hiyo ndiyo iliyomlisha. Jibini la mlima wa Estrela halitaki mkono wa moto. Ukiyakanda maziwa ya kondoo yaliyoganda kwa kiganja chenye joto, yanaharibika, na wachungaji hawakuletei tena. Kwake waliyaleta tangu akiwa msichana.

Mimi naitwa Zulmira. Nashika ufunguo wa tanuri la kijiji, kwa hiyo najua nani anakula mkate gani na kwa meno gani. Tanuri huwashwa mara mbili kwa mwezi. Mkate wetu mweusi ukitoka leo unakatika. Ukikaa wiki unataka kisu kikali na subira. Ukikaa zaidi unafaa kuegemeza mlango. Shangazi Deolinda hakuwa na jino hata moja, lakini alikuwa na njia yake. Aliumenya mkate, ganda akawatupia kuku, na sehemu ya ndani akailoweka kwenye maji ya jibini yenye uvuguvugu, yale yanayobaki maziwa yakishaganda. Alingoja mpaka ivimbe na kulainika, kisha akaila karibu kwa kuinywa. Alisema hakuna chakula kitamu kama hicho duniani. Nilipomwambia kwamba katika dunia hiyo yeye hajafika zaidi ya mji wa Gouveia, alinijibu kwamba huko Gouveia alikula supu, na haikuwa tamu hivyo.

Meno ya bandia alikuwa nayo. Odete alikuja likizo na gari la Kifaransa, akampeleka kwa daktari wa meno, nami nikaenda nao kwa sababu sipendi kusimuliwa mambo. Daktari alimpapasa ufizi kwa kidole muda mrefu. Alisema mfupa ulio chini yake umepungua sana, maana mfupa wa taya huishi kwa kazi, na wa Shangazi ulikaa bila kazi miaka mingi. Meno yalitengenezwa, yakalipiwa, yakavaliwa siku moja. Siku ya pili yalilala kwenye droo, ndani ya kitambaa.

“Nikiyavaa,” aliniambia, “nikijitazama kwenye kioo namwona mama mkwe wangu. Nilimvumilia akiwa hai, Zulmira. Inatosha.”

Ndivyo alivyoishi, na nikikumbuka siku zile naona zaidi mvuke kuliko watu: mvuke wa chungu cha maziwa, mvuke wa pumzi zetu, ukungu uliopanda kutoka bondeni na kuingia jikoni kwake. Wewe ulikuwa unakaa pale na kuongea, na baada ya muda hujui kama umesema jambo au umeliwaza tu. Kengele za kondoo zilisikika toka pande zote kwa pamoja. Mimi ni mtu wa haraka na hasira, watu wote wanajua, lakini kwenye jiko lile hasira yangu ilisinzia.

Mwezi wa Novemba mbwa mwitu waliteremka wakamuua mbwa jike wa Felisberto, yule mkubwa, akiwa na watoto wawili ambao macho yao ndiyo kwanza yamefunguka. Felisberto ni mchungaji mwenye kundi kubwa kuliko wote kwetu na maneno machache kuliko wote. Mtoto mmoja alikuwa na nguvu, akakubali kunyonya kwa mbuzi. Wa pili hakuweza. Felisberto alimtia ndani ya koti, akamleta kwa Shangazi Deolinda, akamweka juu ya meza kati ya majibini.

“Shangazi, huyu akiishi, nitamchukua siku ya Mtakatifu Petro tukipanda mlimani,” alisema. “Desturi unaijua.”

Desturi tuliijua sote. Anayemlea mbwa wa mchungaji humrudisha kwa mwenyewe kundi linapopanda malisho ya kiangazi, mwishoni mwa Juni. Mchungaji humkagua siku hiyo hiyo. Akimwona anafaa, anamvisha kola ya miiba ya chuma ya kumkinga na mbwa mwitu, anaondoka naye. Akimwona hafai, mbwa anabaki na aliyemlea, na hakuna wa kulaumiwa.

Shangazi alimlisha kwa kuchovya kona ya taulo katika maji ya jibini, tone kwa tone, wiki nzima. Alimpa jina Farrusco, yaani mwenye masizi, kwa sababu ya weusi usoni mwake. Alipoanza kula, alikula alichokula Shangazi mwenyewe. Bakuli lilikuwa moja. Shangazi alichota kijiko, akampa mbwa kidogo kwenye ncha ya kidole, akachota tena. Nilimwambia hilo ni jambo la ajabu kwa mtu aliyebatizwa.

“Mbona wewe unakula na mumeo,” alisema, “na sijawahi kukusema?”

Majira ya baridi yalipita hivyo, ndani ya mvuke. Farrusco alikua, manyoya yakawa mazito, miguu ikawa mikubwa kama viatu vya kuazima. Alilala juu ya nyayo za Shangazi. Kuna siku niliingia nikawakuta wote wawili wamesinzia mbele ya moto, bakuli katikati, tupu. Nilirudisha mlango taratibu, nikaenda zangu. Kusema kweli nilimwonea wivu kidogo. Mume wangu akisinzia hukoroma.

Mwezi wa Machi Felisberto alipita kuleta maziwa, akachuchumaa, akamwita mbwa. Alimshika pua kwa mkono mmoja na kumfungua mdomo kwa mwingine. Alitazama sana. Kisha akampapasa mashavuni, chini ya masikio, pale ambapo nyama ya kutafunia inatakiwa iwe imevimba.

“Shangazi,” alisema, “umenifugia sungura.”

Alituonyesha. Taya la chini lilikuwa jembamba, limebaki nyuma ya lile la juu, na meno mapya yalikuwa yanachipua yakisukumana, moja limelalia jingine, kwa sababu hapakuwa na nafasi. Meno ya utoto hayakutaka kung’oka. Felisberto alisema ndugu wa mbwa huyu, aliyelelewa zizini kwa ganda kavu, kwato na vipande vya ngozi, ana mdomo mpana unaofumba kama mlango mzuri. Baba yao mmoja, mama yao mmoja, siku yao moja.

“Nimemnyima nini?” Shangazi aliuliza. “Ameshiba kila siku. Mtazame tumbo.”

“Hujamnyima chakula. Umemnyima kazi.” Felisberto alijipangusa mikono kwenye suruali. “Hata mwanakondoo wa jikoni ni hivyo. Umlee kwa pumba za kuloweka, anakuwa na kidevu cha padri. Mwenzake anayeng’ata vijiti huko nje, taya linampanuka. Mfupa wa mtoto unangoja kuvutwa na nyama yake, Shangazi. Usipovutwa, unajikalia.”

“Na sasa?”

“Sasa bado anakua. Mpe vigumu. Mfupa ukishakaza, hata atafune mlima mzima haitasaidia.”

“Na siku ya Mtakatifu Petro akiwa hafai?”

“Atabaki kwako. Nami nitapanda na ndugu yake peke yake.”

Shangazi Deolinda aligeukia chungu chake, akaanza kukoroga maziwa ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilimwona uso wake, na haukuwa uso wa mtu aliyepata habari mbaya. Hapo ndipo hasira yangu ilipoamka.

Nilingoja siku ya tanuri. Alipokuja kuchukua mikate yake nilimuuliza kama mbwa anapewa ganda. Alisema kuku wanalipenda ganda. Nilimuuliza kama amepata kwato. Alisema kwato zinanuka.

“Shangazi, usinizungushe.”

“Nani anakuzungusha?”

“Unataka abaki na mdomo ule. Unataka Felisberto amwangalie siku ile, atikise kichwa, amwache.”

Alikaa kwenye ukingo wa tanuri, mahali palipokuwa bado na joto, akaweka mikate mapajani. Nje ukungu ulikuwa umeufuta mtaa mzima. Tulikuwa mimi, yeye na moto.

“Zulmira,” alisema, “Odete nilimlea nikampeleka stesheni. Mume nilimlea akiugua nikampeleka makaburini. Huyu mmoja akinibakia, kijiji kitapungukiwa nini?”

“Kitapungukiwa kondoo. Na yule ndugu yake je? Mama yao alikuwa peke yake usiku ule, na unajua walimkuta vipi.”

“Najua,” alisema. “Ndiyo sababu simtaki huko.”

Nilitaka kumkaripia, nikajikuta nampangusa unga begani. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, na hata hivyo alikuwa anafanya vibaya.

Siku chache baadaye Felisberto alituomba twende zizini kumsaidia kukamua, maana mkewe alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Farrusco alitufuata. Ndugu yake alikuwa pale, kichwa kikubwa, shingo nene, ameshika kipande cha ngozi kavu ya kondoo. Walinusana, wakazungukana, kisha wakaanza kuvutana ile ngozi, kila mmoja upande wake.

Farrusco alikuwa mzito kama mwenzake. Alikaza miguu vizuri, alirudi nyuma vizuri, lakini ngozi ilimponyoka. Alikimbia akaishika tena. Ikamponyoka tena. Mdomo haukuwa na mahali pa kubania. Ndugu yake alimngoja, akamletea ile ngozi usoni kama anayesema haya, shika. Akashika, ikatoka, na safari hii ilitoka na damu kidogo ya ufizi. Hakulia. Alisimama katikati ya zizi akiitazama, akameza mate, akaenda kuishika tena.

Nilitegemea Shangazi amwite. Hakumwita. Aliacha kukamua, mikono ikaning’inia juu ya ndoo, maziwa yakidondoka vidoleni.

Njiani tukirudi Shangazi alisimama kwenye daraja.

“Anataka,” alisema. “Mimi nilidhani anataka kukaa na mimi tu. Kumbe anataka na kazi ya ndugu yake.”

Asubuhi iliyofuata aliniambia ndoto aliyoota. Alikuwa katika nyumba kubwa iliyojaa mikate, na mikate yote ilikuwa laini kama theluji ya juujuu, nayo haikuwa na sauti. Alikula na kula, na hakujisikia akila. Mbwa alikula kando yake, naye hakusikika. Akaogopa kwamba wote wawili hawapo. Aliamka akafungua droo ya meno.

Alimpa Farrusco ganda. Farrusco alilipokea kwa adabu, akalibeba, akaliweka kwenye bakuli la maji ya jibini, akakaa akingoja lilainike. Nilikuwepo, nililiona kwa macho yangu, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi hakucheka. Alilitoa ganda, akampa tena. Mbwa akalirudisha bakulini. Maisha yake yote alikuwa hajala kitu ambacho yule mwanamke hakukila kwanza.

“Basi,” Shangazi alisema. “Ameshika mafundisho.”

Akayavaa yale meno. Uso wake ulibadilika, ukawa mrefu, na nikakiri moyoni kwamba mama mkwe alikuwepo kweli. Alichukua ganda la mkate wa wiki mbili, akaketi kizingitini, mbwa mbele yake, akauma.

Kutafuna kulimchukua muda mrefu kiasi kwamba ukungu uliinuka juani kabla hajameza. Machozi yalimtoka. Meno yalicheza juu ya ule mfupa wake uliopungua, yakabana, yakachubua. Farrusco aliinamisha kichwa upande huu na upande ule, akisikiliza mlio. Hatimaye Shangazi alikitema kipande kiganjani, chenye wekundu wa damu, akamwonyesha kilivyo bado kikavu upande mmoja. Akampa ganda jingine. Mbwa alilishika, akalilaza kati ya miguu ya mbele, akaanza kulitafuna kwa jino la pembeni, polepole, kama mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua vizuri.

Wakawa hivyo kila asubuhi. Ukipita mtaa ule uliwasikia kwanza, halafu ndipo ukawaona: kwaru, kwaru, bibi na mbwa kwenye kizingiti. Watu waliwatania. Felisberto alimletea mguu wa kondoo na kwato, akauliza kama aandae mbili, moja ya Shangazi.

“Niletee,” alijibu, “nikutafune na wewe.”

Majeraha ya ufizi niliyaona mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemchemshia maji ya chumvi. Nilimwambia apumzike siku moja. Alisema mfupa wa mbwa haupumziki, unakua hata Jumapili. Meno ya utoto ya Farrusco yalitoka, moja nikalikanyaga jikoni. Mashavu yake yalianza kujaa chini ya masikio. Kila jioni Shangazi alimpitishia kidole gumba kwenye taya la chini, toka nyuma mpaka mbele, kama alivyozoea kupapasa jibini kujua limefika wapi. Sikumuuliza anaona nini. Alipokuwa na furaha nilijua taya limesogea, na alipokuwa na furaha nyingi, jioni hiyo hiyo alikwenda kulala mapema.

Siku ya Mtakatifu Petro kundi lilipita katikati ya kijiji, kondoo wamefungwa nyuzi za rangi, vumbi na kengele mpaka kichwa kinazunguka. Felisberto alisimama mlangoni kwa Shangazi. Alimfungua mbwa mdomo. Alimpa kamba nene ya ngozi, akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akamwinua miguu ya mbele hewani, na kamba haikutoka.

“Taya la chini ni fupi kidogo,” alisema. “Unene wa kalamu hivi. Halitarefuka tena.” Alitazama viatu vyake. “Shangazi, mtu akitaka kusema hafai, anaweza kusema. Mimi sitabisha.”

Alikuwa anampa zawadi, yule mtu wa maneno machache. Mimi niliomba aipokee. Nakiri niliomba, baada ya kelele zangu zote.

“Kamba imetoka?” Shangazi aliuliza.

“Haikutoka.”

“Basi mvishe kola.”

Shangazi alimvisha mwenyewe mwishowe, kwa mikono yake ya baridi, kwa sababu mbwa hakutulia kwa Felisberto. Kisha akaingia ndani, akaendelea na maziwa.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa jikoni kwake. Nilikuwa nimekwenda kumtazama, nikijisingizia kuazima kichujio. Kundi lilikuwa limelala kwenye malisho ya chini, juu kidogo ya kijiji, na ukungu ulikuwa mzito. Tulisikia hatua mtaani, kisha kucha mlangoni.

Niliinuka. Shangazi Deolinda alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani, nao ulinishika kwa nguvu nisizozijua.

“Ukifungua,” alinong’ona, “hatapanda tena.”

Farrusco alilia mara moja, sauti ndogo, ile ya zamani. Kisha tukasikia mbao zikilia. Alikuwa ameuma ubao wa chini wa mlango, mahali ulipokuwa umeoza kidogo, na alikuwa anauvuta. Ulilalamika, ukapasuka, kipande kikang’oka. Akauma tena. Ule ulikuwa mlango wa mti mgumu, uliowekwa na babu wa mumewe. Alikuwa anauchana kama mkate.

“Sikiliza taya hilo,” Shangazi alisema. Machozi yalimmiminika mpaka kidevuni, na alikuwa anatabasamu kwa ufizi wake mtupu. “Zulmira, sikiliza.”

Tulisikiliza. Tundu lilikuwa limefika ukubwa wa kichwa cha paka, pua nyeusi ikapita, ikavuta harufu zetu. Shangazi angenyoosha mguu tu angeigusa. Aliurudisha mguu chini ya kiti.

Kisha juu mlimani kengele zilianza kutembea. Felisberto hakuita, aliliondoa kundi tu. Ndugu yake Farrusco alibweka, mara moja, mbali. Pua ilibaki kwenye tundu kwa muda, ikatoka. Hatua zilikwenda mpaka kwenye kona, zikasimama, zikaendelea.

Shangazi alikaa akisikiliza mpaka kengele zikawa kitu ambacho unaweza kuwa unakikumbuka tu. Ndipo aliponiachia mkono.

“Amekwenda?” aliuliza.

Nikamwambia amekwenda. Akasema anajua, ila alitaka kusikia mtu akisema.